Steji ni ya Nani?

Kuna maneno mawili yamenichosha: "siyo yetu." Msichana wa Nairobi akishika gitaa la umeme na kuongeza sauti, ataambiwa roki siyo yetu. Mvulana wa Lamu akijaribu hayo hayo ataambiwa mara mbili. Kwanza na wazee wa barazani, halafu na mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Manda asubuhi hiyo akitafuta Uswahili halisi, ule wa kofia ya vito, jahazi na jua linalozama. Wazee hawa na mgeni huyu hawakubaliani kwa lolote lingine, lakini hapa wameshikana mkono.

Wote wamekosea. Ingekuwa ni kosa la ladha tu ningenyamaza, kila mtu na sikio lake. Lakini anayeamua muziki upi ni "wetu" ndiye huyo huyo anayegawa steji, na anayegawa steji ndiye atakayekwambia kipi kiimbwe na kipi kimezwe. Na Lamu ya leo ina mengi ya kuimbwa.

Tuanze na punki yenyewe, maana wengi wakiisikia wanawaza nywele za kijani na pini puani. Desemba 1976, vijana wanne wa Manchester, Uingereza, waliojiita Buzzcocks, waliingia studio wakarekodi nyimbo nne. Hawakungoja kampuni. Walikopa kama pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakachapisha santuri 1,000, wakaiita Spiral Scratch na kuitoa Januari 1977 chini ya lebo waliyoibuni wenyewe, New Hormones. Zile elfu moja zikaisha, zikachapishwa nyingine, mwishowe zikauzwa kama 16,000. Nyuma ya jalada waliandika kila wimbo ulirekodiwa mara ya ngapi na kama uliongezewa kitu baadaye, ili aliyenunua aone kwamba kazi ile haina uchawi wowote: nawe unaweza.

Buzzcocks hawakuwa wapigaji hodari. Walichokuwa nacho ni sikio la wimbo mtamu. Wengine walipiga kelele tupu. Wao waliweka viitikio visivyotoka kichwani, wakaimba mapenzi, wivu na aibu ya ujana kwa dakika mbili mbili. Punki ya melodi, hadi huku kwa Green Day ambao pengine umewasikia kwenye simu ya kaka yako, inanywa kisima hicho. Lakini melodi peke yake isingewafikisha popote. Kilichobadilisha mambo ni zile pauni 500 za kukopa. Walipotoka studio, kazi ilikuwa mali yao na hakuna aliyekuwa na haki ya kuwaambia wafute mstari.

Sasa rudi nyuma miaka miwili, uje Lamu.

Uchaguzi wa 1974, na msukosuko ulioendelea hadi 1975, uligawanya watu wa visiwa hivi. Katika ugomvi huo yalizuka mashairi yanayojulikana hadi leo kwa jina la Kimwondo, yaani kimondo kwa lafudhi ya kwetu. Upande huu ukitunga, upande ule unajibu. Mmoja wa waliovuma katika mapambano hayo alikuwa mwanamke. Mashairi yaliimbwa, yakarekodiwa kwenye kaseti, na kaseti zikapita mkono kwa mkono. Wakati ule redio nchini ilikuwa moja, Sauti ya Kenya, nayo ilikuwa ya serikali. Kaseti haikuhitaji ruhusa ya redio. Ilihitaji betri, na jirani mwenye mashine ya pili ya kunakilia.

Mmoja wa watunzi wa Kimwondo alikuwa kijana aliyezaliwa 1952, Mahmoud Ahmed Abdulkadir. Leo tunamwita Ustadh Mau. Kwa hiyo wakati ule alikuwa na umri wa wengi mnaosoma hapa. Riziki yake kwa miaka mingi imekuwa tanuri la mikate. Pia ni imamu. Mashairi yake yamesikika kwa sauti za waimbaji, yakazunguka kwa kaseti, baadaye kwa CD, halafu kwa WhatsApp. Mwaka 2023 wachapishaji wa Brill, Uholanzi, wakatoa mkusanyiko mkubwa wa kazi yake, In This Fragile World. Hebu tazama safari hiyo tena. Mtu ana kazi ya mchana. Anatunga bila mshahara wa kutunga. Kazi inasambaa kwa mashine za watu wa kawaida. Mji wake wote unaijua kwa miongo kadhaa, halafu ndipo jina kubwa la ng'ambo linakuja kuichapisha. Huo ndio wasifu wa bendi huru yoyote unayoijua. Limekosekana gitaa tu.

Najua utakachosema: Kimwondo ilikuwa kampeni. Ni kweli. Washairi walikuwa na wagombea wao, na kejeli zao hazikuwa za adabu kila siku. Sikusema walikuwa malaika. Hata Sex Pistols wa London walikuwa na meneja mwenye duka la nguo aliyejua vizuri kwamba fujo inauza suruali. Nisemalo ni kwamba chombo kilikuwa mikononi mwa watunzi na wasikilizaji. Ukichukizwa na kaseti ya upande ule, dawa yake ilikuwa kutunga jibu na kurekodi yako. Hakukuwa na mkubwa wa kumpigia simu ili azime maikrofoni.

Pwani yetu iliijua karatasi ya kunakili kwa siri pia. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika kijitabu kiitwacho Kenya: Twendapi?, kikasambazwa chini kwa chini. Kilimpeleka jela kuanzia 1969 hadi 1972, na huko jela akaandika mashairi kwenye karatasi za msalani, yakatoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Vijana wa London waliokuwa wakitoa vijarida vyao kwa mashine ya kunakilia mwaka 1976 walikuwa wakihatarisha kukosa nauli ya basi. Huyu wetu alilipa miaka mitatu. Halafu mtu anakuja kuniambia kwamba moyo wa kujifanyia mwenyewe na kumsema mkubwa usoni tumeuiga kwenye YouTube.

Nirudi kwa wazee wa barazani, maana hoja yao ni nzito kuliko ya mgeni na inastahili jibu la heshima. Wanasema kelele hizi hazifai katika mji wa dini. Wazee wangu, shikamooni. Lakini mji huu huu umewahi kubishana juu ya ngoma na dini, na mnajua ulimalizikaje. Habib Swaleh alikuja Lamu kutoka Ngazija akiwa kijana katika karne ya 19. Akakaa upande wa Langoni, akafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao chuo kimoja, wakiwemo waliotoka utumwani na watoto wao. Akaleta maulidi ya matari, na wenye mji wakaja juu: matari msikitini! Ukoo na cheo vyote vilisimama dhidi yake. Leo maulidi ya Riyadha huleta watu kutoka Afrika Mashariki nzima, na hakuna mji wa Lamu unaoweza kufikirika bila hayo. Sisemi maulidi ni shoo ya roki, astaghfirullah. Nasema tu kwamba neno "haijapata kuwa hapa" lilitumika zamani dhidi ya kitu ambacho leo ndicho kinachoutambulisha mji, na waliolitumia walikuwa na hofu ya watu wa Langoni zaidi ya hofu ya ngozi ya mbuzi.

Steji Lamu imekuwa na wenyewe tangu kale. Siwa mbili mashuhuri, ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba, leo ni vitu vya makumbusho, na kila mtalii huzipiga picha. Ni kazi nzuri mno. Lakini siwa ilikuwa pembe ya watawala na waungwana. Mjakazi hakupulizziwa siwa siku ya harusi yake. Tunapozungumza kuhusu "muziki wa jadi" tuwe wakweli kuhusu jadi ya nani.

Kulikuwa na steji nyingine, na hiyo ndiyo ninayoililia. Zein l'Abdin Ahmed Alamoody alizaliwa Lamu mwaka 1939, akahamia Mombasa, akawa mmoja wa wapiga udi wakubwa kabisa wa pwani hii hadi alipofariki 2016. Kampuni ya London, GlobeStyle, ilitoa albamu yake mwaka 1990, lakini miaka mingi kabla ya hapo watu walimjua kwa kanda zilizouzwa mtaani na kwa harusi. Hasa harusi. Harusi ya pwani ni mpango wa uchumi ambao hatujawahi kuusifu vya kutosha. Mwenye shughuli anakodi kundi. Watu wanakuja. Wimbo ukimchoma mtu, anainuka, anacheza taratibu hadi mbele na kumtuza mwimbaji noti mkononi, mbele ya macho ya wote. Mtu akiutuma wimbo kwa mwenziwe, mwenziwe anaelewa na moto unawaka. Mwimbaji analipwa pale pale na yule yule aliyeguswa. Wazungu wameunda tovuti kama Bandcamp ili msikilizaji amlipe msanii moja kwa moja, wakasifiwa kwa ubunifu. Sisi bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo kwa buibui na noti ya shilingi ishirini.

Steji hiyo imebanwa pande zote. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, watu wakauawa, na Julai serikali ikaweka kafyu ya usiku kaunti nzima, ikawa inaongezwa mwezi baada ya mwezi. Wavuvi wa usiku walifungiwa bahari, na watu wa muziki walifungiwa usiku. Taarabu haipigwi saa nane mchana. Hata kabla ya hapo kinanda kimoja kilishaanza kufanya kazi ya watu sita, kwa sababu mtu mmoja ni rahisi kumlipa. Halafu flashi zikaua kaseti, na simu zikaua flashi, na wimbo ukawa kitu cha bure.

Ndipo tamasha likaja kuwa steji kubwa iliyobaki.

Sina ugomvi na mbio za punda, wala na mashindano ya majahazi, wala na kirumbizi. Nazipenda. Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tangu hapo kila mwenye hoteli, mwenye ofisi na mwenye kamera amegundua kwamba utamaduni una bei. Sawa. Shida ni kuuchukulia muziki kama jumba la mawe. Jumba unalihifadhi kwa kutobadilisha chochote: chokaa ile ile, boriti zile zile. Muziki ukiufanyia hivyo unaukausha. Mpiga ngoma anakuwa pambo la picha. Anavalishwa kanzu hata kama siku zote huvaa jinzi, anapangiwa dakika kumi kati ya hotuba mbili, na nyuma yake kunaning'inia bango lenye nembo nyingi kuliko jezi ya timu ya Uingereza.

Nilikaa nyuma ya pazia la tamasha moja la pwani, jina nalihifadhi. Bendi ya vijana ilipanda na magitaa mawili na dramu ya kuazima. Malipo yao yalikuwa fulana, sahani ya pilau na ahadi ya kujulikana. Hilo tumelizoea. Kilichonikera ni mazungumzo ya robo saa kabla hawajapanda. Mtu mwenye kitambulisho shingoni aliwaomba, kwa upole kabisa, waache wimbo wao wa tatu, "kwa sababu ya wafadhili." Wakauacha. Wimbo wenyewe ulihusu baba anayeuza mashua. Hawakutishwa wala kukaripiwa, na hilo ndilo linalonitia hofu. Kaseti ya 1975 haikuwa na mtu wa kitambulisho shingoni.

Baba kuuza mashua si hadithi ya kubuni huku. Bandari mpya ilipoanza kuchimbwa, sehemu za uvuvi ziliharibika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mei 2021 rais alikuja kuzindua gati la kwanza, meli zikapiga honi, na wavuvi walikuwa bado wanangoja. Upande wa Kwasasi kulipangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Wakazi wakapambana kwa miaka kupitia Save Lamu na wenzao, na Juni 2019 mahakama ya masuala ya mazingira ikaifuta leseni yake. Watu wa mji mdogo walisimamisha mtambo wa mabilioni! Hiyo ni habari ya albamu nzima, siyo wimbo. Kwenye vikundi vya WhatsApp watu wametunga, na wametunga vizuri. Swali langu ni kwenye steji. Ni mara ngapi umesimama mbele ya spika kubwa, usiku, na watu mia tano, ukasikia mambo hayo yakiimbwa? Unajua kwa nini. Wanaokodisha spika ndio hao hao wenye nembo kwenye bango.

Na hapa ndipo Nairobi ina kitu cha kutufundisha, ingawa kukiri hilo kunaniuma kama mtu wa pwani. Crystal Axis ni bendi ya punki ya Nairobi. Wana wimbo uitwao "Nyayo House", kuhusu jengo ambalo watu hupanga foleni ya pasipoti na ambalo chini yake, enzi za Moi, kulikuwa na vyumba vya mateso. Wana mwingine, "Leopold", kuhusu mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo shamba lake. Siwezi kufikiria benki ambayo ingeweka nembo yake nyuma ya nyimbo hizo, na ndiyo sababu zipo. Duma, watu wawili wa Nairobi wenye muziki mkali unaoweza kung'oa plasta, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Angalia jina la lebo: Tapes. Kaseti, ndugu yangu.

Maisha ya bendi hizo si ya kutamanika, tusidanganyane. Nairobi ilikuwa na redio ya roki, XFM, kwenye 105.5, nayo ikaondolewa hewani. Mwenye baa anakupa Jumatano ya mvua. Mpiga besi anapata kazi ya Dubai, mpiga dramu anaoa, na albamu ya pili inabaki kwenye laptopu ya mtu. Bendi nyingi huru hufa hivyo, kimya kimya, bila hata kugombana. Kwa hiyo simwambii kijana wa Lamu kwamba punki itamlisha. Tanuri la mikate ndilo litakalomlisha. Namwambia punki itamwachia maneno yake.

Lakini ndugu zangu wa Nairobi nao wana deni, na nitalidai hapa hapa. Kwa nini roki nyingi ya Kenya inaimbwa Kiingereza? Nimesikia sababu: eti Kiswahili ni kirefu, hakiingii kwenye mdundo wa haraka. Aliyesema hivyo hajawahi kuhesabu mizani. Utenzi una mizani minane kwa mstari. Mistari mitatu inagongana vina, wa nne unabeba kina kile kile ubeti hadi ubeti, hadi mwisho. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, na watu wameuimba tangu hapo bila kuishiwa pumzi. Mstari mfupi na kina kinachorudi kama nyundo: kama hiyo siyo fomula ya punki ya melodi, basi mimi sijui punki ni nini. Weka gitaa mbili, dramu ya haraka, mizani minane, na sauti ya mtu aliyefundishwa kuvuta irabu chuoni tangu utotoni. Manchester hawana hiyo. Wangekuwa nayo wangeshaiuza kwetu.

Basi msingoje. Chumba cha kurekodia mnacho: nyumba za mawe za Mkomani zina kuta nene ambazo watu wa studio hulipia sifongo kuziiga. Na kama nyumba yenu ni ya makuti kule Langoni, rekodini mchana wakati wa adhuhuri watu wamelala, na punda akilia acheni alie, mtajulikana mlikorekodi. Simu mbili zinatosha kwa wimbo wa kwanza. Kabla hamjapiga noti hata moja, chukueni karatasi, andikeni nani katunga nini na nani ana fungu gani, kila mtu atie sahihi. Bendi zinazovunjika kwa sababu ya pesa huvunjika kwa pesa kidogo, siyo nyingi. Faili lenyewe likae kwenu, siyo kwa produsa, hata kama ni binamu yenu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi, kwa sababu mashine ilikuwa ya HMV. Mashine leo iko mfukoni mwako, na wewe unasubiri barua ya mfadhili?

Na mtuzwe. Rudisheni tuzo. Uani kwa mtu, watu arobaini, namba ya M-Pesa kwenye kipande cha boksi, na anayeguswa ainuke. Arobaini ni wengi kuliko mnavyodhani. Harusi nyingi zilizolea wanamuziki wa pwani hazikuwa na uwanja wa mpira.

Mtu atanikumbusha kwamba Buzzcocks walitia saini na kampuni kubwa, United Artists, mwaka huo huo wa 1977. Walitia. Lakini walikwenda mezani wakiwa na santuri ambayo tayari ilikuwa imeuzwa, kwa hiyo hawakuwa ombaomba. Mkitaka kupanda steji ya tamasha, pandeni. Chukueni pesa yao mkiambiwa ipo. Ila wimbo wa tatu muwe mmeshautoa wenyewe mwezi uliopita, uwe uko kwenye simu za watu tayari, ili yule wa kitambulisho akija na upole wake akute umati unaujua kiitikio.

Nanyi waandaaji, nawajua wengine ni watu wazuri, mnahangaika na bajeti na vibali na mashua za kuvusha majenereta kutoka Mokowe. Mambo mawili tu. Wekeni hadharani mnamlipa nini kila anayepanda, kuanzia mchezeshaji wa kirumbizi hadi msanii wa Nairobi anayelala hotelini Shela. Na tengeni saa moja kila usiku isiyo na mfadhili, steji bila bango, anayetaka apande na alichonacho, gitaa au tari, aimbe bandari, aimbe mapenzi, awaimbe nyinyi. Mkisema haiwezekani, tuambieni ni nani aliyekataa.